Tusimwachie Mjane Deni la Jeneza



Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wetu wa maadhimisho, kipindi cha mchana, wakati mvua ilipopiga mabati mpaka waliokaa nyuma wakawa wanaona tu mdomo wangu ukifunguka na kufunga. Akina mama waliokuwa jikoni hawakusikia hata robo, na hao ndio niliotaka wasikie zaidi. Ndiyo maana wanaoandaa jarida wakaniomba niyaweke kwa karatasi. Nimeyaacha jinsi nilivyoyasema, nimeongeza kidogo tu pale saa iliponikimbiza.

Nilikuwa nimepewa somo la tumaini la ufufuo. Nitafika huko, lakini nitapitia mochari.

Baba yangu alilala mwaka wa 2014, siku ya Jumanne, hospitalini. Tulimzika Jumamosi ya tatu baada ya hapo. Siku 18. Mimi ndiye kifungua mimba, na mwaka huo ndio kwanza nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia na cheti changu mkononi. Nilijua wachungaji watakuja kutoka pande zote mbili za mpaka. Sikutaka wakute aibu kwetu. Nisikilize vizuri hapo: sikusema sitaki mama apate shida. Nilisema sitaki wachungaji wakute aibu.

Basi tukafanya mazishi. Mochari ilitoza kwa siku. Jeneza lilikuwa lile lenye kioo juu na vishikio vya rangi ya dhahabu, shilingi 48,000 za Kenya. Gari la kubeba mwili, mahema manne, viti 400 vya kukodi, maspika na jenereta, mtu wa video, fulana zenye picha ya baba, fahali wawili, magunia ya mchele, na kaburi la saruji lililowekwa vigae vyeupe kama bafu la hoteli. Kamati ya mazishi ilikaa kila jioni, na kila jioni kamati ilikunywa chai na mkate. Nikipiga hesabu ya chai ile peke yake nacheka, lakini si kicheko kizuri.

Michango ilikuja, Mungu awabariki waliochanga. Haikutosha. Tulibaki na upungufu wa 112,000, na wenye mahema hawaelewi mambo ya maombi. Nikauza robo ekari ya chini, ile ya kando ya mto, mahali mama alipokuwa akipanda mihogo na viazi vitamu. Nilimwambia baada ya kukubaliana na mnunuzi. Hakusema kitu. Alisema tu, "Wewe ndiye mkubwa."

Mwaka uliofuata nilipita kumsalimu, nikamkuta ana jembe begani anatoka chini. Nikamuuliza anatoka wapi. Alikuwa amekodi mistari michache ya mihogo kwa yule yule niliyemuuzia.

Mpendwa, nimehubiri habari za Abrahamu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwanzo 23, Sara amekufa, Abrahamu ni mgeni katika nchi, anakwenda mbele ya wana wa Hethi anatafuta mahali pa kuzika. Analipa shekeli 400 za fedha, anapata shamba na pango la Makpela. Niliisoma sura hiyo tena jioni ile, nikaona kitu ambacho chuoni hatukukiona. Abrahamu alinunua shamba ili azike. Mimi niliuza shamba ili nizike.

Tangu siku hiyo nikaanza kuisoma Biblia kwa macho ya mtu anayetafuta jinsi watu wa Mungu walivyozika. Ifungue na wewe, usiniamini mimi. Matendo 9:37, Dorkasi anakufa huko Yafa. Nani anamwosha? Watu wake mwenyewe, kisha wanamlaza chumba cha juu. Wajane aliowashonea nguo wako pale pale, wanalia na nguo mikononi. Matendo 5:6, Anania anaanguka, vijana wa kanisa wanainuka, wanamfunga nguo, wanamtoa, wanamzika. Hatusomi kwamba walisubiri Jumamosi. Stefano alizikwa na watu wacha Mungu, wakamlilia sana, Matendo 8:2. Lazaro alitoka kaburini akiwa amefungwa vitambaa, na Bwana akasema afunguliwe. Kama angekuwa ndani ya jeneza lililopigwa misumari, hapo wangetafuta nyundo kwanza.

Utaniambia, "Mwinjilisti, Yesu mwenyewe alizikwa kwa gharama. Kaburi jipya, manemane na udi kama ratili mia." Ni kweli, Yohana 19 inasema hivyo, na sitaificha kwa sababu hainisaidii. Lakini mwangalie Yusufu wa Arimathea. Alikuwa tajiri, alitoa kilicho chake. Hakuuza nyumba ya Mariamu. Tena aliomba mwili kwa Pilato kwa mdomo wake mwenyewe, na yeye na Nikodemo wakauchukua na kuufunga sanda yenye manukato, wakauzika siku ile ile. Mtu mkubwa wa baraza, na mikono yake ikaingia damu.

Na Yakobo na Yusufu wa Misri? Hao walipakwa dawa wasioze, Mwanzo 50. Yakobo siku 40 za dawa, na Wamisri wakamlilia siku 70. Lakini Yakobo alikuwa na safari: alitaka kuzikwa Makpela, Kanaani, na mwili ulikuwa Misri. Yusufu naye aliwekwa katika sanduku huko huko Misri, na mifupa yake ikangoja mpaka Musa akaibeba. Dawa ilikuwa ya safari. Kama mtoto wako amefia mbali na ni lazima aje nyumbani, mochari ina kazi yake, sisemi ni dhambi. Ninachouliza ni hiki: mzee aliyefia kitandani kwake, hatua 30 kutoka pale atakapozikwa, anasafirishwa kwenda wapi?

Hebu pia tuliangalie hili neno jeneza, maana kuna ndugu alinisimamisha na Luka 7, kwamba mwana wa mjane wa Naini alikuwa ndani ya jeneza. Miaka kadhaa nyuma nilihudumu Mombasa, nikapanga chumba karibu na msikiti. Pale nikajifunza kwamba kwa wenye Kiswahili chao, jeneza ni kile kitanda cha kubebea. Maiti inaoshwa, inavikwa sanda, inalazwa kwenye jeneza, inabebwa mabegani mpaka makaburini, inashushwa na sanda yake, halafu jeneza linarudi msikitini kungoja mwingine. Jeneza moja linabeba mtaa mzima, tajiri na mwuza maji. Ndiyo maana kijana wa Naini aliweza kuketi mara moja Bwana alipolishika lile jeneza na kusema naye. Hakukuwa na kifuniko. Sisi huku bara tulichukua neno tukalipigia misumari, tukalipaka vanishi, tukalizika.

Najua kuna mtu ameshaanza kunung'unika kwamba nafundisha mambo ya Waislamu. Ndugu yangu, jirani akiwa na paa lisilovuja unaweza kumuuliza alilijengaje bila kuhamia kwake. Kule Mumias na hapa kwetu Busia sote tumeona: mzee wao akifa alfajiri, jioni mnarudi nyumbani, na mjane wake hadaiwi na mtu wa mahema. Na kwa watu wa Buganda, kabla hata dini hizi hazijafika, mtu alifungwa kwa kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Ufundi huo bado upo, UNESCO imeuweka kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka wa 2008. Gome likichunwa vizuri mti haufi, unaota gome jingine. Bibi yangu naye alinisimulia kwamba babu yake alizikwa ndani ya ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe. Kwa hiyo hili sanduku la vanishi tunaloliita desturi yetu ni mgeni wa juzi. Hata Wazungu waliotuletea wameanza kurudi nyuma: pale Carlisle, Uingereza, tangu 1993 kuna sehemu ya makaburi ambapo watu huzikwa bila dawa na bila mnara, juu unapandwa mti.

Sasa nikuambie habari za mama.

Alinikalisha mwaka mmoja kabla. Aliniambia, "Mimi usinipeleke kwa friji. Nimeogopa baridi maisha yangu yote." Kisha akasema, "Na usiuze kitu." Hakutaja ile robo ekari. Hakuwahi kuitaja mpaka alipokufa. Nikayaandika maneno yake kwenye daftari, nikamsomea, akaweka dole gumba, na mzee wa mtaa akatia sahihi.

Alilala Machi 2023, Jumatano, saa tatu usiku, kitandani kwake, baada ya miezi ya ugonjwa ambao daktari alikuwa ameshatuambia. Jambo la kwanza tulilofanya hatukufanya chochote. Tulikaa. Mke wangu alimfumba macho na kumfunga taya kwa leso, tukanyoosha mikono na miguu yake polepole, kwa sababu baada ya saa chache mwili huanza kukakamaa, na ukimwacha amejikunja utapata taabu. Tukaimba kwa sauti ya chini. Hakuna aliyepiga simu ya gari.

Alfajiri wakaja akina mama wanne wa kanisa. Waliweka glavu, kwa sababu sisi si wajinga, na wakatandika karatasi ya nailoni chini ya mkeka. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, kitambaa. Wanamfunika muda wote, wanafunua tu sehemu wanayoosha. Wanambonyeza tumbo taratibu ili kilichobaki kitoke, wanaweka pamba. Mimi kama mwana nilikaa nje ya mlango nikisoma Zaburi, na nilisikia wakizungumza naye, "Mama, tunakugeuza sasa." Kwa mochari baba yangu aliitwa namba.

Watu huniuliza juu ya harufu, kwa hiyo niseme wazi. Tulimlaza chumba cha upande wa magharibi kisichopata jua la asubuhi. Usiku tuliacha dirisha wazi na wavu, mchana tulifunga pazia. Kijana wa dukani alitugandishia chupa za maji kwenye friza yake, tukazipanga tumboni na ubavuni juu ya nguo, tukawa tunabadilisha kila baada ya saa chache, maana tumbo ndilo huharibika kwanza. Tulimzika Ijumaa saa nane mchana. Saa 41. Hakuna mtu aliyeshika pua. Ingekuwa siku nne, nisingekudanganya, chupa zisingetosha.

Dada yangu anaishi Nairobi. Nilipompigia usiku ule alinipigia kelele. "Unataka kumzika mama kama mtu asiye na watoto?" Akapanda basi la usiku, akafika Alhamisi saa tatu asubuhi akiwa na hasira za barabara nzima. Aliingia chumbani, nami nikabaki nje nikingoja vita. Kimya. Baadaye mke wangu akaniambia kwamba aliwakuta wale akina mama wakimaliza, akasimama mlangoni, kisha akauliza kama kuna mafuta. Akakaa chini akampaka mama miguu. Mama alikuwa na nyufa za visigino, za jembe. Alizipaka zote.

Lakini vita haikuisha hapo. Alitaka sanduku. Senge yetu, dada ya baba, naye alisema tunamzika shemeji yake kama paka. Nikawa nimebanwa, daftari mkononi. Aliyetuokoa ni mama mdogo, ndugu yake mama, ambaye aliolewa upande wa Uganda. Alivuka mpaka akiwa na mkeka wa mafunjo umekunjwa kichwani, mpya, ule mnene. Akawasikiliza wote mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Mume wangu nilimzika kwa mkeka kama huu. Jirani yetu akazikwa kwa sanduku la vioo. Nimewachunguza miaka sita sasa, wote wawili bado wanangoja tarumbeta moja." Senge akacheka kabla hajajizuia. Dada akacheka, halafu akalia, na hapo ndipo tulipoanza kupanga.

Tulimvika gauni lake la ushirika wa Jumapili, leso mbili juu, kisha mkeka, tukafunga kwa kamba za katani mahali patatu. Shemasi wetu ambaye ni seremala alipiga ubao mmoja mpana wenye vishikio vya mbao. Tulimbeba mabegani, vijana sita, wajukuu wakipokezana. Kaburi lilichimbwa upande wa chini, mbali na kisima, udongo mweusi wa juu ukawekwa kando na ule mwekundu kando. Wanawe tuliingia ndani kumpokea. Ukishamshika mama yako kwa mikono miwili ukamlaza chini, mpendwa, huhitaji mtu akueleze kwamba ametoka mavumbini na mavumbini anarudi. Tukarudisha udongo mwekundu kwanza, mweusi juu. Hakuna saruji. Ule ubao ukatoka, ukaoshwa, ukaenda kanisani.

Watu walikula ugali, maharage na mboga. Gharama yote, pamoja na chai, sukari, kamba na mafuta ya taa, ilikuwa shilingi 14,300. Sikuuza kitu.

Sitakuficha pia yaliyouma. Mdogo wangu yuko Qatar, hakuwahi. Alimwona mama kwa simu tu, na mpaka leo tukiongea jambo hilo linakaa katikati yetu. Baada ya mwezi tulifanya ibada ya shukrani, akaja kwa likizo yake, akapanda mwembe pale udongo uliposhuka. Ilisaidia kidogo. Kidogo.

Kutokana na hilo nimejifunza kuongea na watu mapema, si mtu akishalala. Tukumbuke habari ya wakili S. M. Otieno, wazee wanaijua. Alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akataka amzike Matasia, ukoo ukataka Nyalgunga, wakaenda mahakamani, na mwili ukakaa mochari mpaka Mei 1987. Miezi mitano. Halafu mwaka wa 2025 tuliona upande mwingine: Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba, na Jumapili tarehe 19 alikuwa kaburini Bondo, kwa sababu alikuwa ameacha neno kwamba asicheleweshwe. Kama mtu wa umati ule aliweza kuzikwa kwa siku nne kutoka ng'ambo ya bahari, mimi na wewe kamati ya wiki tatu inatafuta nini? Profesa Wangari Maathai naye mwaka wa 2011 alikuwa amekataa mti ukatwe kwa ajili yake, akawekwa ndani ya sanduku lililofumwa kwa mianzi, mafunjo na yale magugu maji yanayotusumbua ziwani. Yeye aliagiza achomwe. Mimi sihubiri kuchoma, lakini sanduku lile nililipenda.

Sasa sheria na afya, na hapa nawaomba sana msiruke mistari. Kuzika nyumbani si kuzika kwa siri. Upande wa Kenya, mtu akifia nyumbani unaripoti kwa naibu wa chifu, unapata kibali cha mazishi, na kifo kinaandikishwa. Upande wa Uganda anza kwa mwenyekiti wa LC1 akupe barua. Kifo cha ghafla, cha ajali, cha kujiua au cha kupigwa, usiguse, ita polisi, hata kama ni mzee wa kanisa. Na kama kuna ugonjwa wa kuambukiza unaosumbua eneo, kipindupindu, Ebola, Marburg, hakuna kuosha, hakuna kukumbatia, waachie watu wa afya. Mwaka wa 2022 Ebola ilitangazwa Uganda mwezi Septemba, haikuisha mpaka Januari 2023, na mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza sana. Upendo wako hautazuia virusi. Mkisimama mbali mkaimba, Mungu anasikia kutoka hapo.

Kwa upande mwingine usidanganywe kwamba sheria inadai kila maiti ipigwe dawa. Ile dawa ni formalini, inasukumwa kwenye mshipa mkubwa huku damu ikitolewa, na kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kimeshaiweka kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaoumia kwanza ni vijana wanaofanya kazi hiyo kwenye chumba kisicho na hewa. Waombeeni, na muwasalimu.

Maiti kuvuka mpaka ndiyo habari ngumu zaidi kwa ushirika wetu, maana tumeoana pande zote. Ndugu yetu mmoja wa upande wa Uganda alifia upande wa Kenya akiwa kwa binti yake. Karatasi za hospitali, za afya, za forodha, dawa, sanduku la kufungwa kabisa, zilikula siku tano na pesa za ada za shule za wajukuu wawili. Ruthu alimwambia Naomi kwamba pale atakapofia ndipo atakapozikwa, na alikuwa Mmoabu. Nami nauliza, nauliza tu, siamuru koo za watu: je, mtu wa Mungu hawezi kuzikwa kwa binti yake? Kaburi la Musa halijulikani lilipo mpaka leo, na bado alionekana mlimani pamoja na Bwana.

Na neno la mwisho hili ni kwetu sisi watumishi, wengine wanaweza kwenda kunywa maji. Tunapenda mazishi makubwa. Tunapewa kipaza sauti, tunapewa sahani yenye nyama kubwa, tunapewa bahasha ya nauli. Mimi nimeipokea bahasha hiyo mkononi mwa mjane, nikamwambia Mungu akurudishie. Nimepokea zaidi ya mara moja. Tulipokuwa na kesi ya mama mmoja ambaye hospitali ilikataa kumpa mwili wa mumewe kwa sababu ya bili, tulikuwa wachungaji saba kwenye kikao, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Mahakama Kuu ya Kenya imeshaamua, na si katika kesi moja, kwamba hospitali haina haki ya kushikilia maiti kama rehani. Deni linabaki deni, watadai kwa njia nyingine, lakini mwili si ng'ombe wa kufungwa kwa deni. Tulijua tu kupanga ratiba ya wasemaji.

Kanisa letu dogo sasa lina kabati moja. Ndani yake kuna ubao wa mama, umeshabeba watu watano. Kuna kamba za kushushia, marobota mawili ya marekani nyeupe kwa asiye na sanda, glavu, pamba, nailoni, na sindano ya kushonea magunia ambayo hakuna anayejua nani aliileta. Kuna akina mama sita na wanaume wanne waliofundishwa kuosha. Muuguzi wa zahanati, ambaye ni wa kanisa jingine na hatujamshindwa bado, alikuja kutufundisha mambo ya maambukizi kwa Jumamosi mbili. Hatutozi. Aliyepewa huduma analeta kitambaa kingine siku akipata.

Na kuna daftari. Mtu mzima yeyote anaandika: nizikwe wapi, ndani ya siku ngapi, kwa nini, nani anioshe, nini kisiuzwe. Anatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa familia. Wa kwanza kuandika alikuwa dada yangu, alipokuja Pasaka. Aliandika mkeka, akaongeza kwamba mafuta ya miguu yawe ya nazi.

Kama ushirika wako unataka kuona jinsi tulivyolipanga, njoo siku yoyote isipokuwa Jumatano, siku ya soko. Uliza nyumba ya Mama Mchungaji, kwa sababu daftari linakaa kwake. La kwanza tuliliacha kanisani, panya wakalila.